Tusimcheke aliyetapeliwa

Mhariri,

Mimi ni wakala wa kutuma na kutoa pesa, nina kibanda Mbagala Rangi Tatu mwaka wa saba sasa. Naomba nafasi nimzungumzie mteja wangu wa siku nyingi, mama muuza vitumbua.

Alikuja asubuhi, akafungua fundo la kanga, akanihesabia shilingi 340,000, nyingi noti za elfu moja zinazonuka mafuta. Nimtumie "afisa" aliyemwahidi mwanawe kazi bandarini. Nikamuuliza, umewahi kumwona? Akasema hapana, ila anaongea taratibu na kila akipiga huanza na "shikamoo mama yangu". Nikamsihi asubiri kesho. Akasema nafasi zinafungwa saa sita mchana. Nikatuma.

Siku ya tatu simu ya afisa haipatikani. Vijana wa bodaboda waliokuwepo kibandani wakaangua kicheko: "Mama kapigwa! Mjini hapa."

Kicheko hicho ndicho kilichonifanya niandike. Tunapenda kusema wanaotapeliwa wana tamaa. Huyu hakutamani utajiri. Mwanawe amemaliza chuo, mwaka wa nne yupo nyumbani. Mama amezunguka naye ofisini na bahasha, na getini mlinzi anamwambia "mama, sogea". Tapeli peke yake ndiye aliyempa shikamoo. Nani asingemwamini?

Na sisi tumewalea. Tapeli tunamwita mjanja, mtoto wa mjini. Uhakiki wa mwaka 2017 ulipowakuta watumishi wa umma 9,932 na vyeti vya kughushi, mtaani kwetu nilisikia watu wazima wakisema, "angalau walijiongeza". Walijiongeza! Na kijana aliyesoma kwa haki akakosa ile nafasi, yeye tumwiteje?

Laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa Januari 2020, lakini ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" bado unaingia, maana matapeli wanatumia laini zilizosajiliwa kwa vidole vya wengine. Namba zao tuziripoti 15040. Wateja wangu wengi hufuta tu, wakacheka.

Yule mama hapiti tena mbele ya kibanda changu. Anazungukia nyuma ya soko na ndoo yake ya vitumbua. Akisomewa barua hii, naomba ajue kwamba mimi sikumcheka, na kwamba najuta sikukataa kutuma.

Wakala,
Mbagala Rangi Tatu, Dar es Salaam