Barua ya kufunga muhula: fuvu kwenye daftari la kemia

Wazazi na walezi wetu, shikamooni kwa mlionizidi, na wengine habari za majukumu. Tunafunga muhula, ripoti za watoto mtazikuta kwenye bahasha pamoja na ile karatasi ya ada, mambo ya ada sitayarefusha humu maana tunajuana.

Nataka niongelee lile la kidato cha tatu. Mzee mmoja alinipigia simu usiku, akaniuliza mwalimu, mbona daftari la kemia la binti yangu lina picha ya fuvu, mnafundisha nini huko? Swali zuri tu, na najua wengi mnalo.

Ni hivi. Kuna kozi ya bure mtandaoni inaitwa Big History Project, waliianzisha mwanahistoria David Christian na Bill Gates mwaka 2011. Yenyewe historia haianzii kwa wafalme, inaanzia miaka bilioni 13.8 nyuma, ulimwengu ulipoanza, halafu nyota, dunia, viumbe, mpaka binadamu na kilimo, kwa hiyo huwezi kuifundisha na mwalimu wa historia peke yake, lazima umwite wa fizikia, wa baiolojia, wa jiografia. Sisi hatukuifuata yote, silabasi yetu na mitihani ya NECTA iko palepale, tulichukua vipande tu kila Jumatano baada ya vipindi.

Sasa hilo fuvu. Ni la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, mtafiti Mary Leakey alilipata Olduvai tarehe 17 Julai 1959. Mumewe Louis alikisia lina miaka kama laki sita, lakini mwaka 1961 majivu ya volkano ya pale yakapimwa, ikaja miaka milioni 1.75! Watoto wakauliza wamejuaje, na hapo ndipo kemia ilipoingia. Kwenye majivu kuna potasiamu, sehemu yake ndogo inageuka polepole kuwa gesi ya agoni, na mwamba ukiwa umeyeyuka agoni ya zamani inatoka yote, yaani saa inaanza upya sifuri, ukipima agoni iliyojikusanya unapata umri. Mwalimu wa hesabu akaomba vifuniko 64 vya soda kwa mama wa duka hapo getini, wakawa wanavirusha mezani kuigiza jinsi hiyo potasiamu inavyopungua nusu kwa nusu, kila kinacholala chali kinatolewa, wakabaki na thelathini na kitu, kisha kumi na kitu, wakachora grafu. Mada hii, ya mionzi, wataikuta rasmi kidato cha nne, ila nina uhakika haitawatisha.

Haikuwa laini yote. Mwanzoni tulisema kila mtoto aangalie video nyumbani, tukakosea, bando ni hela, na simu ya mama inaondoka na mama kazini. Siku hizi mwalimu anadaunilodi ofisini, tunaonyesha kwa projekta, umeme ukikatika tunaongea tu. Kingine, Kiingereza cha kwenye video kinakimbia, inabidi kusimamisha kila dakika mbili na kuelezana kwa Kiswahili, na mimi naona maswali mazuri yanatokea hapo hapo. Pia mambo ya pwani yetu tuliongeza wenyewe: Kilwa aliyoifikia msafiri Ibn Battuta mwaka 1331, chokaa ya kuchoma matumbawe, kaskazi na kusi zilizoleta majahazi.

Likizo hii msiwanunulie bando kwa ajili ya kozi, video zipo kwenye flashi ya taaluma, njoo na memori kadi tukunakilie. Kazi yao ni moja tu: wamuulize mtu mzima kwenye ukoo, babu, bibi, shangazi, ukoo ulitoka wapi na nini kiliwahamisha, ukame, reli, ndoa, chochote kile, waandike kurasa mbili. Mkienda kijijini ndio vizuri zaidi.

Tukifungua tutawapeleka Makumbusho ya Taifa hapa hapa mjini, fuvu lenyewe ni mali ya makumbusho hayo, na watoto wengi wa Dar hawajawahi kuingia. Kibali kimo kwenye bahasha, kirudi na sahihi ya mzazi, sahihi za akina kaka nazijua.

Mkuu wa Shule