Simu inakupeleka kwenye tovuti usizozitaka? Usikimbilie kuflashi

Msimu wa matokeo ya mitihani ukifika, na ule wa kuomba mikopo ya vyuo, wateja wenye shida hii huongezeka dukani kwetu hapa Majengo. Maelezo yao yanafanana. Umetafuta kitu Google, umebofya jibu la kwanza, ukurasa umefunguka nusu, mara uko kwenye tovuti ya kubeti, au pengine panapokwambia umejishindia simu mpya, au kuna maandishi mekundu yanayodai simu yako imejaa virusi. Unabonyeza kurudi nyuma, haitoki.

Wengi wakitufikia wameshaambiwa na fundi mwingine kwamba dawa ni kuflashi, yaani kuifuta simu na kuiwekea mfumo wake upya. Tunakuomba usubiri kwanza. Kuflashi kunafuta picha za watoto, namba za wateja na meseji ulizokuwa umezitunza, na mara nyingi tatizo halimo ndani ya simu kabisa. Ukirudi kwenye tovuti ileile linakupokea vilevile, na hela ya fundi imeshaenda.

Sisi tunaanza kwa kuuliza: inatokea wapi? Kwenye tovuti moja tu, kwenye kila tovuti, au hata kabla hujafungua intaneti?

Kama ni tovuti moja, simu yako haina kosa. Tovuti nyingi za habari, muziki na filamu za kupakua zinaishi kwa matangazo, na nafasi za matangazo hayo huuzwa kwa mnada wa kompyuta katika sekunde ileile ukurasa unapofunguka. Mwenye tovuti hajui ni tangazo gani litakaa pale. Ni sawa na mwenye fremu aliyemwachia dalali ufunguo: anamjua mpangaji akiwa ameshaingia. Tapeli naye hununua nafasi, halafu ndani ya tangazo huficha amri ya kukiondoa kivinjari chako (programu ya kufungulia tovuti, kama Chrome) pale kilipo. Chrome ilianza kuzuia amri za namna hiyo kwenye toleo lake la 64, mwaka 2018, pale ambapo mtumiaji hajagusa kitu. Ndiyo maana siku hizi matapeli wanakitafuta kidole chako: kitufe cha uongo cha kupakua, alama ya X isiyofunga chochote, au tabaka lisiloonekana lililotandazwa juu ya ukurasa mzima. Kivinjari ambacho hakijasasishwa muda mrefu kinakuacha wazi zaidi, kwa hiyo anza na kukisasisha. Na ukinaswa, usihangaike na kitufe cha kurudi nyuma, maana kurasa hizo hujaza historia kwa makusudi ili usitoke. Funga kichupo chote, yaani dirisha zima la ukurasa huo.

Sababu tunayokutana nayo kuliko zote ni arifa, yaani taarifa fupi ambazo tovuti hutuma kwenye simu ikishapewa ruhusa. Mama mmoja mfanyabiashara wa mahindi alitujia kutoka Kibaigwa, simu ameifunga kwenye kitambaa kwa sababu aliogopa hata kuishika. Ilikuwa inatetemeka kila baada ya muda mfupi na kuleta ujumbe kwamba akaunti yake imeingiliwa. Akigusa ujumbe, anapelekwa kwenye kurasa za ajabu. "Mwanangu, wameshaniibia?" Tulimwonesha hatua kwa hatua, simu ikiwa mkononi mwake: vidoti vitatu vya Chrome, Mipangilio, Mipangilio ya tovuti, Arifa. Pale palikuwa na orodha ya tovuti ambazo hakuwahi hata kuzisikia, zote zimeruhusiwa. Tulizifuta moja baada ya nyingine, na simu ikatulia akiwa bado amekaa kwenye kiti. Kilichomponza ni ukurasa uliomwambia abonyeze Ruhusu ili athibitishe kwamba yeye si roboti. Zoezi halali la kuthibitisha kuwa wewe ni binadamu halihitaji ruhusa ya kukutumia arifa. Ukiona neno Ruhusu limeambatana na habari za roboti, kataa. Ukiwa humo humo kwenye Mipangilio ya tovuti, hakikisha madirisha ibukizi (yanayojitokeza yenyewe) na kuelekezwa kwingine vimezuiwa.

Kurasa zinazosema simu ina virusi zinatisha watu kwa sababu wakati mwingine hutaja hadi aina ya simu yako. Hapana muujiza. Kivinjari huziambia tovuti kinatumika kwenye kifaa cha aina gani, na ukurasa unaweza pia kuiamuru simu itetemeke. Lakini hakuna ukurasa wa intaneti unaoweza kukagua virusi ndani ya simu yako. Hakuna. Anayekwambia ameviona anataka upakue kitu chake.

Na hapo ndipo tatizo linapohamia ndani ya simu kweli. Matangazo yakijifungua yenyewe hata ukiwa kwenye skrini ya mwanzo, shuku programu: tochi, kisafisha simu, kisoma misimbo, au faili la kusakinisha ulilorushiwa WhatsApp. Tangazo likitokea, usilifunge haraka. Bonyeza kitufe kinachoonesha programu zilizofunguliwa karibuni, utaona ikoni au jina la iliyolileta. Kwenye simu nyingi za Android unaweza pia kubonyeza kitufe cha kuzimia, kisha kushikilia neno la kuzima simu linalotokea kwenye skrini mpaka ikuulize kama unataka kuwasha kwa hali salama. Humo programu ulizopakua hazifanyi kazi. Matangazo yakikoma, mhalifu ni mojawapo ya hizo, na kuiondoa kunatosha.

Kama simu zote za nyumbani au ofisini zinasumbuliwa zikiwa kwenye Wi-Fi, lakini kwa bando zinakaa sawa, tazama rauta, kile kifaa kinachogawa Wi-Fi. Huenda mtu amebadilisha mipangilio yake kwa kuwa neno la siri lilibaki lile la kiwandani.

Kuhusu fedha, tunasema bila kuzunguka. Usiandike namba ya simu kwenye ukurasa uliokuleta kwa nguvu, na usimpe mtu namba ya uthibitisho inayoingia kwa meseji. Ukiona salio linaliwa na huduma usiyoijua, piga 100 kwenye mtandao wako uombe waiondoe. Namba ya tapeli aliyekutumia meseji itume 15040. Na matokeo ya mitihani yaangalie kwa kuandika mwenyewe necta.go.tz, maana anwani inayoishia na .go.tz ni ya serikali. Nyingine nyingi zinazojiita za matokeo zinatafuta wasomaji wa matangazo tu.

Sasa tuzungumze na wenye tovuti, kwa sababu hapa watu wanapoteza biashara bila kujua. Mwenye nyumba ya wageni maeneo ya Area C alilalamikiwa na wateja kwamba tovuti yake inawapeleka kwenye kamari. Akaifungua kwa kompyuta yake: safi kabisa. Akaamini wateja wamekosea. Tulichukua simu, tukazima Wi-Fi, tukafungua kichupo fiche (kisichotunza historia), tukalitafuta jina la nyumba Google na kubofya. Kamari. Msimbo, yaani amri za kompyuta, uliopandikizwa kwenye tovuti ulikuwa unachagua: anayetumia simu na aliyetokea Google anasukumwa nje, mwenye kompyuta aliyeandika anwani mwenyewe anaachwa. Mdukuzi hufanya hivyo ili mwenye mali awe wa mwisho kujua.

Kwa tovuti zilizojengwa kwa WordPress, programu ya kutengenezea tovuti, njia ya kuingilia mara nyingi ni programu-jalizi (ya kuongezea tovuti uwezo) iliyopitwa na wakati au kiolezo (muundo wa mwonekano) cha kulipia kilichopakuliwa bure mahali pasipoeleweka. Kufuta mstari mmoja wa msimbo hakutoshi. Tunapekua faili la .htaccess (linaloweza kuwaelekeza wageni kwingine), hifadhidata na orodha ya wasimamizi, kwa sababu mdukuzi hupenda kujiachia akaunti ya kurudia. Kisha tunabadilisha maneno ya siri yote, pamoja na ya kampuni inayohifadhi tovuti, tunasasisha kila kitu, na kama Google imeshaiwekea tovuti alama ya hatari tunaomba ikaguliwe upya. Ukiwa na nakala safi ya akiba, kazi hii inakuwa nyepesi sana. Mwulize aliyekutengenezea tovuti kama nakala hiyo ipo na inakaa wapi, na umwulize leo.

Ukija dukani, njoo na simu yenye chaji na picha ya skrini ya ukurasa uliokusumbua, anwani yake ikionekana. Uchunguzi tunaufanya mbele yako, ukiwa umekaa. Utafungua simu mwenyewe, na PIN yako ya fedha hatutaiuliza, kwa sababu hakuna hatua yoyote katika kazi hii inayoihitaji.