Kwa Salim, kuhusu urefu wa mtutu

Nairobi, Jumapili jioni

Ndugu yangu Salim,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako nimeupata pamoja na zile picha mbili, na nimefurahi sana kusikia bodi ya leseni za silaha imekupa cheti cha kumiliki bastola. Baada ya yale yaliyokukuta dukani, nadhani sasa hata mama watoto atapata usingizi.

Umeuliza uchukue bastola ipi, ile fupi au ile ndefu kidogo. Mimi nasema chukua Glock 19, yenye mtutu wa milimita 102, na ile SIG P365 yenye mtutu wa milimita 79 iache kwanza. Lakini nikikuambia hivyo tu, muuzaji mwenye maneno matamu atakugeuza ndani ya dakika tano. Kwa hivyo nakuandikia sababu zangu, uzipime mwenyewe. Nambari ya silaha ikishaingia kwenye cheti, kuibadilisha ni makaratasi na kusubiri upya, na sipendi ubaki na kitu usichokitaka kwa ajili ya haraka.

Umesema mtutu mrefu ndio wenye shabaha. Wengi wanaamini hivyo. Ila ukiifunga bastola nzuri yenye mtutu mfupi kwenye jiliwa, mkono wa mtu usiiguse ila kwenye triga, matundu yake yatakusanyika karibu sawa na ya ile ndefu. Risasi haihitaji inchi tano ndipo ijue kuzunguka. Mifereji ya ndani ya mtutu huishika tangu inapoanza safari, na ikitoka inakuwa tayari inazunguka kwa kasi ya kuiweka sawa hewani. Jambo kubwa zaidi ni mtutu kurudi mahali pake. Katika hizi zote mbili, slaidi, kile chuma cha juu kinachoufunika mtutu, ikirudi nyuma mtutu huinama upande wa nyuma, ganda linaruka, risasi mpya inaingia, kisha mtutu huinuka na kujifunga tena. Ukijifunga palepale kila mara, shabaha ipo. Ukicheza, hata uwe na inchi sita, matundu yatatawanyika. Ndiyo maana nakuhimiza ununue silaha iliyotengenezwa vizuri kabla ya kuhesabu milimita.

Sasa mbona mtu akishika ile ndefu anapiga vizuri zaidi? Kwa sababu ya vilengeo, vile vijichuma viwili vya juu unavyovitazama ukilenga. Slaidi ndefu inaweka nafasi kubwa baina ya kilengeo cha nyuma na cha mbele, na nafasi hiyo ikiwa kubwa, kosa lako linapungua. Chukua kalamu tufanye hesabu. Tuchukue ndugu watatu wa Glock, kwa kuwa vipimo vyao navijua vizuri. Glock 26, ile fupi, ina milimita 137 baina ya vilengeo. Glock 19 ina 153. Glock 34, ile ndefu ya mashindano, ina 192. Tuseme umelenga karatasi iliyo mita 10 mbele yako, na kilengeo cha mbele kimeteleza upande kwa milimita moja tu. Kwa 26 risasi itakwenda kando kwa milimita 73. Kwa 19 ni 65. Kwa 34 ni 52. Yaani kutoka fupi hadi ile ya kati umepata nafuu ya milimita 8, na kutoka fupi hadi ile ndefu kabisa ni milimita 21, upana wa kidole gumba. Nafuu ipo, siikatai, na mtu wa mashindano anaihitaji. Lakini ukivuta triga kwa papara, kosa lako ni kubwa mara nyingi kuliko hiyo milimita moja, na hapo hakuna mtutu utakaokuokoa.

Kuna na macho. Mimi na wewe tumeshavuka ule umri wa kusoma maandishi madogo bila kunyoosha mkono. Kilengeo cha mbele kikisogea mbali na uso, hata kwa hizo sentimita chache, kinaonekana vizuri zaidi. Hilo ni jambo ambalo vijana dukani hawatakwambia, kwa kuwa bado hawalijui. Ukiweka kile kilengeo cha nukta nyekundu juu ya slaidi, hesabu yote ya vilengeo inakufa, maana unatazama nukta moja tu juu ya shabaha. Hata hivyo nakushauri ujifunze kwanza na vilengeo vya chuma.

Twende kwenye mkono, na hapa ndipo nilipo na hoja yangu kubwa. Bastola ndogo ni nyepesi, na risasi ya milimita 9 haijui kwamba imetoka kwenye kitu chepesi. Teke lote linakuja kiganjani. Mpini ni mfupi, kidole cha mwisho kinatafuta pa kushika. Springi inayorudisha slaidi fupi inabidi iwe ngumu, kwa hivyo hata kuivuta slaidi ni kazi kwa mwenye vidole vya jasho. Baruti nayo bado inawaka wakati risasi inatoka, na mtutu ukiwa mfupi, moto na kishindo vinakuwa vikubwa zaidi mbele ya uso wako. Ile kasi ya risasi wanayoipigia kelele isikutie hofu: kwa risasi ya kawaida ya milimita 9, inchi moja ya mtutu inaleta takribani mita 10 hadi 15 kwa sekunde, wakati risasi yenyewe inakwenda kama mita 350. Baina ya hizo zako mbili hakuna hata inchi kamili. Moto, teke na mpini ndivyo vya kuogopa.

Nenda uwanja wa shabaha wa Kirigiti pale Kiambu utayaona haya kwa macho. Mtu anakuja na kibastola kipya, kizuri, kinaingia mfukoni. Magazini ya kwanza, yaani kasha la kwanza la risasi, anatabasamu. Ya tatu utamwona kope zinafumba kabla ya mlio, na mdomo wa mtutu unashuka chini kwa sababu mkono unajihami na teke ambalo bado halijaja. Matundu yote yanahamia chini ya karatasi, kushoto. Anaweka silaha mezani, anasugua kiganja, anaondoka mapema. Mwezi unaofuata haji. Silaha usiyopenda kuifanyia mazoezi ni hatari kwako na kwa watu wa nyumbani mwako, Salim, na hili nakuambia kwa uzito wote.

Najua utaniambia Mombasa si Nairobi, huku kwetu tunavaa makoti na huko ni joto na shati jepesi. Kweli. Lakini itazame vizuri bastola iliyo kiunoni. Mtutu uko wapi? Umo ndani ya suruali, hauonekani. Kinachojichora kwenye shati ni mpini, hasa kona yake ya chini, unapoinama kuokota kitu au kumbeba mtoto. Glock 17, ile kubwa kuliko 19, na Glock 19 zinapishana milimita 12 za mtutu, lakini tofauti utakayoiona kwenye shati inatoka kwenye mpini: kimo cha 17 ni milimita 139, cha 19 ni 128. Tena mtutu ukiwa mrefu kidogo chini ya ukanda, unaegemea nyonga na kuuvuta mpini ubaki umelala kwenye mwili. Ile fupi sana, uzito wake wote uko juu ya ukanda, kwa hivyo inapinduka nje. Kuna watu wanaovaa Glock 26 ndani ya mfuko wa bastola uliokatwa kwa kipimo cha 19, kwa sababu hiyohiyo.

Kuna mpaka wake, sikatai. Wewe kutwa uko ndani ya gari, Nyali hadi mjini, mjini hadi Changamwe, foleni yote ile. Ukiivaa mbele ya tumbo, mtutu wa milimita 135, kama wa Glock 34, utakuchoma paja kila ukikaa. Hata ule wa 114, wa Glock 17, watu wafupi wanaulalamikia. Milimita 102 inakaa sawa kwa watu wengi wa kimo chako. Ikiwa utaijaribu na kuona 19 ni nene mno kwa kiuno chako, basi usirudi kwenye ile ndogo kabisa. Tafuta P365XL, mtutu wake ni milimita 94, mwili mwembamba, na mpini unaotosha vidole vyote. Hiyo nitaikubali bila kinyongo.

Mfuko wa bastola usiupunguzie pesa. Uwe wa plastiki ngumu au ngozi nene inayoifunika triga kabisa, wenye kubana vizuri, na ukanda uwe mgumu usiopinda. Nusu ya watu wanaosema bastola yao ni kubwa mno, tatizo lao ni ukanda mlegevu. Na sheria unaijua: ikae imefichwa, isionekane hadharani. Kanzu ya Ijumaa inaficha chochote, lakini kuitoa silaha chini ya kanzu ni kupandisha nguo yote hadi kifuani, kwa hivyo siku hiyo iache kwenye sefu, ufunguo uwe nawe.

Tena, najua wewe ukianza kitu unakipenda. Ukija kujiunga na mashindano ya IDPA, yale ya bastola za kujilinda, kuna kundi la bastola ndogo za kubeba kila siku, na mpaka wake wa mtutu ni inchi 4 na 3/8, yaani milimita 111. Glock 19 inaingia, 17 haiingii. Huko utajifunza kutoa silaha chini ya shati, kusogea na kupiga, mambo ambayo kusimama mbele ya karatasi hakukufundishi.

Kabla ya kulipa, panda treni uje huku. Nitamwomba mwalimu wa pale Kirigiti atupatie zote mbili. Tutaanza mita 7, risasi tano kwa kila moja, polepole, mikono ikiegemea mfuko wa mchanga, uone kwa macho yako kwamba mitutu yenyewe inakaribiana. Kisha utasimama na kupiga magazini mbili mbili bila kuegemea, na hapo mkono wako utasema. Halafu, zikiwa tupu na tumezikagua wote wawili, utazivaa moja moja, ukae kwenye gari langu, ufunge mshipi wa usalama, uiname kufunga kamba za viatu. Njoo na suruali na ukanda unaovaa kazini, si ile ya harusi. Jumamosi yoyote isipokuwa ya mwisho wa mwezi mimi nipo, nitumie tarehe nikuwekee nafasi uwanjani.

Nisalimie mama watoto na Mzee, mwambie dawa yake ya magoti nimeipata, utaibeba ukirudi.

Wasalaam,
Ndugu yako, Athumani