Kabla hujanunua hisa ya senti mbili, uliza nani anazishika

Mhariri,

Naomba nafasi niongee kidogo kuhusu hizi hisa za bei chee za Marekani ambazo siku hizi zimejaa kwenye magrupu ya WhatsApp na Telegram, maana naona watu wanajadili stori ya kampuni tu, ati ina mgodi wa lithiamu, ati imegundua dawa, ati sasa hivi ni kampuni ya akili mnemba, na hakuna anayeuliza hizo hisa ziko mikononi mwa nani. Kwangu mimi hilo ndo swali la kwanza. Stori mtu anaitunga jioni moja akiwa na laptop yake, ila umiliki wa hisa unaacha alama kwenye makaratasi.

Na hii habari kwamba senti 2 ni rahisi, hapana jamani. Kampuni yenye hisa bilioni 3 ikiuzwa senti 2 kwa hisa, thamani yake sokoni ni dola milioni 60, sasa ukifungua hesabu zake ukakuta benki kuna dola elfu nne na mauzo hakuna, hiyo milioni 60 unalipia nini? SEC, ile tume inayosimamia masoko ya hisa kule, kwa kawaida inahesabu hisa ya chini ya dola 5 kuwa hisa ya senti, kwa hiyo bei ndogo si kosa, na hata kampuni hewa yenyewe si kosa kisheria, kampuni isiyo na shughuli wala mali ya maana inaruhusiwa kuwepo ilimradi iseme wazi kuwa ndivyo ilivyo. Shida ni wanaoichukua na kuigeuza mtego.

Inavyokuwa ni hivi. Kuna kampuni ilikufa zamani lakini jina lake bado lipo sokoni. Wajanja wanaenda mahakamani kwenye jimbo ilikosajiliwa, wanaomba wakabidhiwe kwa kuwa imetelekezwa, au wanainunua tu kwa wenyewe, kisha hisa karibu zote zinahamia kwa watu wao, shemeji, dereva, vikampuni viwili vitatu vilivyosajiliwa visiwa vya ng'ambo ambako wenye mali hawajulikani, halafu biashara mpya inaingizwa ndani ya lile ganda na jina linabadilishwa. Hapo hisa zinazozunguka kweli sokoni zinabaki kiduchu, ndo maana wanunuzi wachache tu wanatosha kuirusha bei juu. Ikisharuka wanamwaga za kwao zote, na wewe uliyenunua kule juu unabaki na namba nzuri kwenye simu lakini ukibonyeza kuuza hakuna wa kununua.

Mfano ni CYNK Technology, mwaka 2014. Kampuni haina mapato, mfanyakazi mmoja, ofisi imeandikwa iko Belize, na bei ikatoka senti kadhaa ikapita dola 20 ndani ya wiki chache, ikawa inahesabiwa ina thamani ya zaidi ya dola bilioni 6. Bilioni! SEC ikasimamisha biashara ya hisa hiyo tarehe 11 Julai, na mmoja wa waliokuwa nyuma ya mchezo huo alikuja kuhukumiwa miaka 12 jela mwaka 2017. Cha kuuma ni kwamba ile habari ya kutokuwa na mapato haikufichwa, ilikuwa kwenye ripoti yao wenyewe, yeyote angeisoma.

Na kusoma ni bure. SEC wana mtambo unaitwa EDGAR, uko kwenye intaneti, hulipi hata senti. Tafuta ripoti ya mwaka, fomu inaitwa 10-K, ukurasa wa mbele kabisa kuna kiboksi kampuni inatiki kama ni kampuni hewa au siyo, na hapo hapo kuna idadi ya hisa zilizotolewa. Linganisha na ripoti ya mwaka uliopita. Ikiwa zilikuwa milioni 80 na leo ni bilioni 2, shuka chini kwenye madeni utakuta mikopo ya kugeuzwa hisa kwa bei ya punguzo, yaani mkopeshaji analipwa hisa badala ya hela, anaziuza, bei inashuka, anapewa nyingi zaidi. Angalia jina limebadilika mara ngapi, leo madini, kesho bangi, kesho kutwa blockchain. Mkaguzi wa hesabu naye mtazame, maana Mei 2024 SEC waliifungia kampuni ya ukaguzi ya BF Borgers na faini ya dola milioni 14 kwa ukaguzi wa uongo ulioingia kwenye ripoti zaidi ya 1,500. Yale maneno ya mkaguzi kwamba ana mashaka kama kampuni itaendelea kuwepo, hayo peke yake yasikutishe sana, kampuni changa nyingi za kweli wanaandikiwa. Kama hakuna ripoti kabisa, au ya mwisho ni ya miaka miwili nyuma, mimi naishia hapo.

Matangazo sasa. Sheria ya Marekani inamtaka anayelipwa kuisifia hisa aseme amelipwa kiasi gani na nani, kwa hiyo wanaandika, lakini chini kabisa kwa herufi za sisimizi, na mara nyingi wanaongeza kwamba wanaweza kuuza hisa zao muda wowote bila kukujulisha. Soma hicho kipande kabla ya kingine chochote. Asiyeandika kabisa ndo balaa zaidi. Na ukiona kampuni imewekewa alama ya fuvu na mifupa kwenye tovuti ya OTC Markets, soko la hisa zisizo kwenye masoko makubwa, ujue ni onyo kwa mnunuzi, usijipe moyo ati bei itarudi.

Bei kuwa kubwa nayo haikulindi. Hometown International, mwaka 2021, ilikuwa na thamani ya zaidi ya dola milioni 100, hisa moja inauzwa zaidi ya dola 10, na biashara yake yote ni kaduka kamoja ka sandwichi Paulsboro, New Jersey, kalikouza dola 35,748 kwa miaka miwili, 2019 na 2020 ukijumlisha. Watu watatu walishtakiwa mwaka 2022.

Mhariri, ombi langu kwenu ni dogo. Ukurasa wa biashara ukiitaja kampuni ya aina hii, hata kama ni tangazo la kulipiwa, iandikwe pembeni idadi ya hisa zake na tarehe ya ripoti yake ya mwisho. Ni mistari miwili tu, na zote zinapatikana bure.

Msomaji wenu