Malalamiko kwa Kampuni ya Utalii Kuhusu Uharibifu Katika Magofu ya Kilwa Kisiwani

Mkurugenzi Mtendaji,
Kampuni ya Utalii,
Dar es Salaam.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: WAGENI WENU KUPANDA KUTA ZA MSIKITI MKUU WA KILWA KISIWANI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mkazi wa Kilwa Kisiwani na kazi yangu ni kuongoza watalii. Mwezi uliopita boti ya kampuni yenu ilileta kundi kubwa la wageni kisiwani. Niliyoyaona siku ile yamenisikitisha sana, na nimeona niandike kwa kuwa mwongozaji wenu, nilipomfuata kwa heshima kumweleza, alinijibu kwamba wageni wamelipa na hawezi kuwakataza kupiga picha wanapotaka.

Wageni kadhaa walipanda ukuta wa Msikiti Mkuu, upande wa kusini wenye kuba, wakasimama juu wakipigwa picha huku mwongozaji wenu akiwashikia mikoba. Sehemu ile ilijengwa mwanzoni mwa karne ya 14 kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, na haikujengwa ili watu waikanyage. Walipoteremka nilikuta kipande cha lipu cha ukubwa wa kiganja kimebanduka na kuanguka chini ya tao, na unga mweupe wa chokaa umetapakaa juu ya majani. Pengo lile haliwezi kuzibwa kwa saruji, kwa sababu saruji ni ngumu kuliko matumbawe, hufungia unyevu ndani ya ukuta, na baada ya muda jiwe lenyewe humeguka. Linahitaji fundi anayeijua chokaa, na mafundi wa aina hiyo si wengi. Huko Husuni Kubwa nako, kwenye gofu la kasri la sultani, ndani ya bwawa la pembe nane, niliokota chupa za maji walizoziacha.

Ndugu Mkurugenzi, magofu haya pamoja na yale ya kisiwa jirani cha Songo Mnara yaliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981, lakini mwaka 2004 yakawekwa miongoni mwa urithi ulio hatarini, kuta zikiporomoka na bahari ikiumega ufukwe. Yaliondolewa katika orodha hiyo ya hatari mwaka 2014, baada ya miaka mingi ya kuimarisha kuta na kupanda mikoko. Jasho hilo lote linaweza kupotea kwa picha za asubuhi moja, tena wakati Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kuyaharibu majengo ya namna hii.

Jambo jingine ni maelezo waliyopewa wageni. Nilimsikia mwongozaji akiwaambia kuwa msikiti ule ni kazi ya Wareno. Wareno walifika hapa kwa mara ya kwanza mwaka 1500, ilhali Ibn Battuta, msafiri kutoka Morocco, aliikuta Kilwa ikiwa mji mkubwa mwaka 1331. Wageni wanaotoka mbali namna ile hawastahili kurudi kwao na uongo, na sisi hatustahili kunyang'anywa kazi ya wazee wetu mbele ya macho yetu.

Kisha waliondoka bila kijiji kupata chochote. Chakula kilitoka Dar es Salaam kwenye maboksi, boti ilikuwa yenu, wenye mashua wa Kilwa Masoko walibaki wakitazama, na wageni walipita katikati ya nyumba zetu wakiwa na nguo za kuogelea, wakiwapiga picha akina mama bila kuwaomba ruhusa.

Ninaomba mambo yafuatayo yatekelezwe kabla ya safari yenu ijayo: kila kundi liongozwe na mwongozaji wa kisiwani, wageni waingie msikitini kwa makundi madogo na wakatazwe kabisa kupanda kuta, na waelezwe kuhusu mavazi kabla hawajashuka botini. Kuhusu lipu iliyobanduka, naomba kampuni itoe taarifa kwa wasimamizi wa magofu na igharimie ukarabati utakaofanywa na mtaalamu wao. Chakula cha mchana kinaweza kupikwa hapa hapa kijijini. Akina mama wako tayari kuzungumza nanyi kuhusu bei.

Naomba majibu ya maandishi ndani ya siku 14. Yasipofika, nitawasilisha malalamiko haya, pamoja na picha nilizopiga siku hiyo, kwa wasimamizi wa magofu.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwongoza watalii na mkazi wa Kilwa Kisiwani

Nakala: Ofisi ya Serikali ya Kijiji, Kilwa Kisiwani