Barua ya wazi kwa Mkuu wa Idara ya Leseni: naomba orodha moja, kwa maandishi

Mheshimiwa Mkuu wa Idara ya Leseni za Biashara,

Salamu na heshima zako. Nimeshakuandikia barua tatu, zote nimezipitisha masjala na nakala zangu zimegongwa mhuri wa kupokelewa. Hii ya nne naiweka hadharani kwa sababu jana asubuhi askari wa halmashauri walifika kwenye chumba changu cha kushonea wakitaka leseni. Nilipowaonyesha stakabadhi ya maombi, wakaniambia stakabadhi si leseni, wakafunga mlango kwa mnyororo. Ndani mna cherehani mbili, pasi, meza ya kukatia na nguo za wateja. Gauni moja bado lina pini mabegani, maana mwenyewe alikuwa aje kulijaribu mchana uleule.

Walichosema ni kweli, stakabadhi si leseni. Lakini Mheshimiwa, tangu nikabidhi fomu kwenu huu ni mwezi wa sita. Sikujificha. Mimi ndiye niliyewafuata.

Jina la biashara nilisajili bila shida, na namba ya mlipa kodi nikaipata. Nikaja dirishani kwenu kuuliza kinachotakiwa. Kijana mmoja mwenye adabu akanitajia vitu vinne, nikaviandika nyuma ya bahasha: kitambulisho, mkataba wa pango, cheti cha zimamoto, fomu iliyojazwa. Nikavileta. Dirisha lilelile, mtu mwingine, akaniambia kuna cha tano, kibali cha matumizi ya jengo, kwa kuwa nyumba imeandikishwa kuwa ya makazi. Nikakihangaikia wiki sita. Nilipokileta nikaambiwa mkaguzi wa afya hajapita. Alipopita akaridhika na choo na madirisha, kisha akauliza kibali cha bango. Bango lenyewe ni ubao niliouandika kwa mkono wangu. Bahasha ile ninayo mpaka leo, imejaa maandishi pande zote mbili.

Nisieleweke vibaya, sipingi ukaguzi. Mkaguzi wa zimamoto alinihamishia meza ya kukatia ili njia ya mlangoni ibaki wazi, akanionyesha mahali pa kutundika mtungi wa kuzimia moto, na nilimshukuru kwa moyo wote. Nimeshafanya kazi kwenye chumba chenye marobota ya vitambaa, najua pasi iliyosahaulika inaweza kufanya nini. Ila mkaguzi hakagui chumba kitupu. Anataka aone mashine zilipokaa na nyaya zilipopita. Kwa hiyo ni lazima kwanza nipange, ninunue vifaa, nifunge umeme, nianze kulipa pango, ndipo niombe ruhusa ya kuanza. Na chumba siwezi kukihama, kwa sababu leseni inaombwa kwa kazi fulani mahali fulani. Nikihama naanza upya. Kila mwezi nalipia chumba ambacho sheria inanikataza kukitumia. Cheti cha zimamoto ni cha mwaka mmoja, na karibu nusu ya mwaka huo imeishia ndani ya faili lenu.

Pango la mwezi wa tatu nilikopa kwa dada yangu. La mwezi wa nne nililipa kwa kuuza cherehani ya tatu, ile ya kudarizi, ambayo ndiyo iliyokuwa ikinitofautisha na mafundi wengine. Mwezi wa tano nikafungua mlango nikaanza kushona bila leseni. Nakiri hapa mbele ya kila mtu. Sikuwa na kitu kingine cha kuuza.

Mheshimiwa, mwaka jana ulikutana na sisi wafanyabiashara wadogo. Ulisema mwombaji aliyekamilisha nyaraka atajibiwa ndani ya siku saba. Nilikuwa nyuma kabisa, nimesimama, nikapiga makofi. Sasa nimeelewa kwamba neno linalotumaliza ni hilo la kukamilisha. Siku saba haziwezi kuanza kuhesabiwa kama hakuna anayejua nyaraka zinakamilika lini, na hakuna anayeweza kujua kama orodha haijaandikwa popote. Dirishani kwenu hakuna karatasi hata moja ukutani inayosema nini kinatakiwa.

Sidhani kuna mtu aliyekaa akapanga kunitesa. Nahisi kila idara ina daftari lake na haioni la mwenzake, na mwombaji ndiye amefanywa tarishi wa kati. Wenzangu wa kwenye foleni wanasema tunazungushwa ili tutoe kitu. Mimi sijaombwa, na sitamsingizia mtu. Lakini mwaka 1983 watafiti wa taasisi ya mchumi Hernando de Soto walijaribu kusajili kiwanda kidogo cha nguo mjini Lima, Peru, kwa kufuata kila sheria, ikawachukua siku 289, na njiani waliombwa rushwa mara 10. Wao walikuwa kwenye utafiti. Hakuna aliyeuza cherehani ili siku ya 290 ifike. Orodha ikiwa kichwani mwa mtu badala ya ukutani, mtu huyo anaweza kuirefusha apendavyo.

Nchi za Umoja wa Ulaya zina sheria ya huduma ya mwaka 2006 inayosema ofisi isipojibu maombi ndani ya muda uliotangazwa, kibali kihesabiwe kimetolewa, isipokuwa pale maslahi ya umma yanapodai vingine. Mimi sijafika huko. Naomba orodha. Iwe na sahihi yako na tarehe, itaje kila kitu ninachotakiwa kuleta, na atakayeongeza kingine baada ya hapo aandike sababu na jina lake. Kama kuna cha tisa na cha kumi, niambie leo nikavitafute vyote kwa safari moja.

Mwenye gauni lenye pini amenipigia asubuhi hii. Harusi ya mdogo wake ni Jumamosi. Sikujua la kumjibu. Naomba mlango ufunguliwe japo nusu saa, askari wako asimame pembeni yangu, nitoe nguo za watu. Halafu unipe orodha.

Wako mtiifu,
Mwombaji wa leseni ya ushonaji