Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka wa Ndimu na Mawe

Ndugu wanachama, walimu wenzangu, salaam.

Hesabu za fedha atazisoma Mhazini. Mimi niseme tu kwamba ada zinaingia kwa kusuasua, na wanaodaiwa wanajijua.

Kama tulivyokubaliana kwenye mkutano mkuu, mwaka huu tumefundisha sayansi ya dunia kwa vitu vya jikoni na njiani, bila kungoja maabara. Zoezi lililopendwa kuliko yote ni la ndimu. Mwanafunzi hupewa kipande cha jiwe la Amboni, kwenye mapango karibu na mji wa Tanga, kombe lililookotwa ufukweni Raskazone, ganda la yai, na jiwe gumu lenye mistari kutoka Amani, kwenye milima ya Usambara. Kabla ya kukamua ndimu anaandika kipi kitatoa povu. Wengi huandika mawe yote mawili au hakuna hata moja, maana kwao jiwe ni jiwe. Ndimu ikidondoka, jiwe la Amani linatulia tuli. Vitatu vilivyobaki vinatoa vipovu. Vyote hivyo ni kalisi kaboneti, na tindikali inaitoa humo hewa ya ukaa.

Angalizo kwa ambao hawajajaribu: ndimu ni tindikali dhaifu. Likwangueni jiwe kwa msumari kwanza, mkamulie kwenye ule unga, la sivyo mtabaki kutazamana.

Hapo ndipo mapango ya Amboni yanapoeleweka. Mawe yake ya chokaa yalijengeka chini ya bahari takriban miaka milioni 150 iliyopita. Maji ya mvua hubeba hewa ya ukaa ya angani na ya udongoni, yakawa tindikali hafifu, yakayala mawe hayo polepole mno. Darasa lililokwisha kuona povu halihitaji kukaririshwa hilo.

Zoezi la chupa nalo limefanya vizuri. Kata chupa mbili za maji ubavuni, moja tia udongo mtupu, nyingine udongo uliootesha nyasi, kisha mwagia maji sawasawa na ukinge yanayotoka. Ya udongo mtupu hutoka na tope, ya nyasi hutoka maangavu zaidi. Kwenye tope hilo mchanga unatua papo hapo. Mfinyanzi kesho yake bado unaelea. Watoto wa mjini, wanaokunywa maji ya bwawa la Mabayani kwenye Mto Zigi, walianza wenyewe kuuliza nani analima kando ya mto huo.

Yai la kuchemsha, lile la kuonyesha mabamba ya dunia, yaani vipande vikubwa vya ganda la dunia vinavyosogea polepole, mimi silipigii debe. Linaonyesha nyufa, halionyeshi mwendo, na somo linaishia kwenye ugomvi wa nani ale.

Lalamiko langu ni moja. Baadhi yetu bado tunakamua ndimu wenyewe mbele ya darasa, watoto wamekaa kama wako sinema. Ndimu wapewe wao, na ubashiri uandikwe kabla.

Mwaka ujao tunataka kila shule iwe na sanduku lake la mawe. Kwenye mkutano ujao kila mwanachama aje na jiwe moja, likiwa na karatasi inayoeleza lilipookotwa. Kokoto za uani hazitapokelewa.

Mwenyekiti, Tanga